Shajara ya mradi: fedha iliyomo ndani ya rupia, florini na shilingi

7 Juni

Leo nimeianza kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu Ramadhani. Shangazi amenikabidhi bati la biskuti ambalo limekaa chini ya kitanda chake hapa Tanga kwa miaka ambayo mwenyewe haihesabu tena, na ndani yake mna sarafu 29 zilizowekwa akiba na babu yake mzaa baba, aliyekuwa akiuza mbata. Nimezitandaza juu ya kanga na kuzipanga: reale moja ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria, rupia tano za Uhindi, rupia tatu za Wajerumani, vipande vinane vya senti 25 vilivyoandikwa East Africa & Uganda Protectorates, florini mbili za mwaka 1920, na shilingi kumi za mfalme George wa Tano zenye simba mgongoni.

Swali la mradi ni moja. Kati ya mwaka 1919 na 1921 watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walibadilishiwa sarafu mara mbili, kutoka rupia kwenda florini na kutoka florini kwenda shilingi, wakiambiwa kila mara kwamba thamani ni ileile. Nataka kupima kwa mikono yangu ni gramu ngapi za fedha halisi zilizokuwamo katika kila hatua, na kama mtu wa sokoni angeweza kuitambua tofauti bila kusoma gazeti la serikali.

Kabla ya kwenda mbali niweke sawa jambo la lugha, maana Kiswahili chetu kinatumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa kile kinacholipia mkate. Humu fedha ni madini tu. Kile kingine nitakiita pesa, neno lililotokana na paisa ya Uhindi, kama vile hela ya upande wetu ilivyotokana na heller ya Wajerumani. Inashangaza kwamba vijisarafu vya shaba ndivyo vilivyotuachia majina, ilhali rupia yenyewe, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki katika hadithi.

Shangazi alikuwa ameshatayarisha ndimu na majivu ili azisugue zing'ae. Nimemsihi aziache zilivyo, kwa sababu msuguo huondoa madini kidogo kidogo na mimi nahesabu kwa sehemu za mia za gramu. Ameniruhusu kwa shingo upande.

14 Juni

Njia ninayotumia ni ya Archimedes, na vifaa ni vya nyumbani: mizani ndogo ya betri inayosoma hadi gramu 0.01, bilauri ya maji, uzi mwembamba wa cherehani na kijiti cha kuuning'inizia. Kwanza napima sarafu ikiwa kavu. Kisha naweka bilauri ya maji juu ya mizani, narudisha namba kwenye sifuri, halafu nateremsha sarafu ikiwa imefungwa kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa bilauri. Namba inayojitokeza hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, na ukigawanya uzito mkavu kwa namba hiyo unapata uzito wa kila sentimita moja ya ujazo wa madini yale. Fedha tupu ina gramu 10.49, shaba ina gramu 8.96, na mchanganyiko wa hizo mbili huangukia katikati kulingana na sehemu ya kila moja.

Kuna mambo mawili niliyojifunza kwa kukosea. Mapovu ya hewa hunasa kwenye maandishi ya sarafu na kuifanya ionekane nyepesi kuliko ilivyo, kwa hiyo sasa natia tone la sabuni ya maji na kuipitisha brashi laini juu ya sarafu ikiwa imezama. La pili ni joto: maji ya Tanga mchana yalikuwa nyuzi 28, na maji ya joto hilo ni mepesi kidogo, kiasi kwamba jibu lazima lizidishwe kwa 0.996. Ni marekebisho madogo, lakini ukiyaacha rupia yako itaonekana safi kupita uhalali wake.

Nimeanza na reale kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote na hivyo haina ubishi. Imepima gramu 27.86 ikiwa kavu na kusukuma gramu 2.72 za maji, yaani gramu 10.20 kwa kila sentimita ya ujazo, ambayo ni usafi wa karibu asilimia 84. Kipimo rasmi cha reale ni gramu 28.07 zenye fedha asilimia 83.3, na kimebaki hivyohivyo kila ilipofuliwa, kama vile tarehe yake ilivyobaki 1780 hata ikiwa imetoka kiwandani miaka mia na zaidi baadaye. Uaminifu huo wa ukaidi ndio uliowafanya wafanyabiashara wa pwani na wa Uhabeshi waipende.

Baada ya reale, rupia. Rupia ya Uhindi ya mwaka 1907 yenye kichwa cha Edward wa Saba imepima gramu 11.52 na kusukuma gramu 1.11, jibu ni 10.34, usafi wa asilimia 91 na ushei. Sheria ilitaka gramu 11.66 zenye fedha asilimia 91.7, kwa hiyo miaka mingi ya kupita mikononi imeila gramu 0.14 tu. Rupia ya Wajerumani ya mwaka 1905 imetoa jibu lilelile kwa tofauti isiyofika asilimia moja, na hilo lina sababu yake. Kule kwao Wajerumani walikuwa wakifua mark za fedha kwa usafi wa asilimia 90, lakini walipofika hapa walikuta rupia ya Uhindi imeshatawala soko, nayo kampuni yao ya Afrika Mashariki ikalazimika tangu mwaka 1890 kufua rupia yenye uzito na usafi wa Kihindi ili isikataliwe. Hata serikali ilipochukua kazi hiyo na kuleta heller 100 kwa rupia mwaka 1904, badala ya pesa 64 za zamani, haikuthubutu kugusa fedha iliyokuwamo. Soko lilikuwa na nguvu kuliko Kaisari.

Rupia mbili kati ya zile tano za Uhindi zina baka la lehemu ukingoni, mahali palipokuwa na kipete cha kutundikia mkufu. Nimeziweka kando, lehemu inaharibu hesabu.

15 Juni

Kikwazo. Senti 25 ni ndogo mno kwa mizani yangu. Kipande kimoja kina gramu 2.89 na maji kinayosukuma yanachezacheza kati ya 0.28 na 0.29, na kuyumba huko kwa sehemu moja ya mia kunanipa usafi wowote kati ya asilimia 67 na 88, jibu ambalo ni sawa na kutojibu. Nimefikiria kuazima mizani ya sonara, kisha nikaona njia nyepesi zaidi: kuzifunga zote nane kwa uzi mmoja kama mshikaki, nikiacha nafasi kati ya kipande na kipande ili mapovu yasijifiche.

Zote kwa pamoja zina gramu 23.10 na zimesukuma gramu 2.27. Usafi ni asilimia 80, barabara kabisa na kipimo rasmi.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu sarafu hizi zilianza kufuliwa mwaka 1906, wakati fedha ilikuwa rahisi na Vita vya Kwanza vya Dunia havijanuswa. Rupia nzima ya asilimia 91.7 ilikuwa na gramu 10.69 za fedha. Vipande vinne vya senti 25, ambavyo kisheria ni rupia moja, vilikuwa na gramu 9.33. Punguzo la zaidi ya gramu moja na robo lilikuwa limeshaingia mfukoni mwa watu kwa njia ya chenji, na sijamsikia mtu akililalamikia. Kanuni ya chenji ndogo ilikuwa hiyo dunia nzima: ilipewa fedha pungufu kwa makusudi ili isiwe na faida kuiyeyusha. Ninaandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba kila upungufu ulianza mwaka 1920.

21 Juni

Siku mbaya. Ili kuukamilisha mradi nilinunua rupia mbili za kipande kimoja za mwaka 1894, sarafu ya kampuni ya Wajerumani ambayo haimo katika bati la shangazi, kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni ya marehemu baba yake. Halisi inapaswa kuwa na gramu 23.32. Hii ina 19.87, na majini imesukuma 2.32, yaani gramu 8.53 kwa sentimita ya ujazo, uzito ambao uko chini hata ya shaba tupu. Ni shaba nyeupe au shaba ya manjano iliyopakwa rangi ya fedha, bidhaa ya watalii. Nimeitumia kuwaonyesha wapwa zangu jinsi mizani inavyosema kweli, basi angalau imefaa kwa hilo. Bei yake siiandiki.

28 Juni

Florini, ambazo ndizo kiini cha kazi yote. Nilipoiweka florini ya mwaka 1920 katika kiganja kimoja na rupia katika kingine, nikafumba macho, sikuweza kusema ipi ni ipi. Si ajabu: uzito rasmi wa florini ni gramu 11.66, uleule wa rupia. Mizani imesoma 11.60, na mimi moyoni nikasema kama ningekuwa muuza mbata wa mwaka huo ningeipokea bila neno. Lakini majini imesukuma gramu 1.20. Jibu ni 9.63, usafi wa asilimia 48 hivi. Ya pili imetoa asilimia 51. Sheria ilisema asilimia 50. Mwili uleule, na karibu nusu ya fedha imetolewa na nafasi yake kujazwa shaba.

Ili kueleza kwa nini, inabidi kurudi nyuma. Mwaka 1893 serikali ya Uhindi ilifunga viwanda vyake kwa watu binafsi waliokuwa wakileta fedha ili wafuliwe rupia, na baada ya hapo rupia ikashikiliwa kwenye shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani peni 16, au rupia 15 kwa pauni moja. Tangu siku hiyo rupia ilikuwa na bei mbili, ile iliyotangazwa na ile ya madini yake, na mradi bei ya fedha ilikuwa chini, hakuna aliyeumia. Nimepiga hesabu: rupia ingekuwa na fedha ya thamani ya peni 16 kamili pale ambapo aunsi (gramu 31.1) ya fedha ya asilimia 92.5, ndiyo iliyokuwa ikiuzwa mjini London, ingefika peni 43 hivi. Kabla ya vita aunsi ilikuwa chini sana ya hapo.

Vita vilivunja uzio huo. Uhindi iliuza nje bidhaa nyingi na kudai kulipwa, kila askari na kila mkulima akitaka rupia ya kushika mkononi. Uhaba ulikuwa mkubwa hata Marekani, chini ya sheria ya Pittman ya mwaka 1918, ikayeyusha dola zake za fedha zaidi ya milioni 259 ili kuiuzia Uingereza madini ya kupeleka Uhindi. Bei ilipozidi kupanda, rupia ilibidi ipandishwe nayo ili isiyeyushwe: shilingi 1 na peni 6 mwezi Aprili 1918, shilingi 2 mwezi Septemba 1919, shilingi 2 na peni 4 kabla mwaka haujaisha. Februari 1920 aunsi ya fedha ilifika peni 89 na nusu. Kwa bei hiyo madini ya rupia moja peke yake yalikuwa na thamani ya peni 33, wakati serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zimeamua rupia yao isimame kwenye shilingi 2, yaani peni 24. Sonara yeyote mwenye tanuri angeweza kufanya hesabu hiyo kwa vidole.

Ndipo Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwezi Desemba 1919, ilipotoa florini ya shilingi mbili za Uingereza. Ikiwa na gramu 5.83 za fedha, hata kwa bei ile ya juu madini yake yalifika peni 18 tu, kwa hiyo ilikuwa salama dhidi ya tanuri. Uingereza yenyewe ilifanya hivyohivyo mwaka huohuo, ikishusha sarafu zake kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Kanada iliteremka hadi 80. Afrika Magharibi ilikwenda mbali zaidi na kuanza kufua shilingi za shaba ya manjano isiyo na chembe ya fedha. Uhindi, iliyokuwa chanzo cha kelele zote, haikuigusa rupia yake. Ilikuwa imeshatoa noti ya rupia moja tangu 1917 na sarafu ndogo za nikeli, na rupia ya fedha ikabaki na asilimia 91.7 hadi mwaka 1940.

Sasa jambo ambalo mizani haiwezi kulipima. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500 kabla ya vita alikuwa anadaiwa pauni 100. Baada ya rupia kusimamishwa kwenye shilingi 2, deni lilelile lilikuwa pauni 150. Walowezi wa Kenya waliokopa benki walipiga kelele sana, na kwa upande wao nawaelewa. Lakini mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walitafuta nafuu kwa kukata mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja, na punguzo hilo lilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyompatia Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, wafuasi Nairobi mwaka huohuo. Kibarua hakukopa benki wala hakuuza fedha London.

5 Julai

Shilingi. Baada ya somo la senti 25 sikujisumbua kupima moja moja. Nimezifunga zote kumi. Gramu 77.12 zikiwa kavu, gramu 8.25 za maji, jibu 9.31, usafi wa asilimia 26. Kipimo rasmi ni gramu 7.78 kwa kila moja, fedha asilimia 25.

Nimerudia mara tatu kwa sababu sikuamini jinsi fedha ilivyo kidogo. Shilingi moja ina gramu 1.94 za fedha. Shilingi mbili zilichukua nafasi ya florini moja, na florini ilikuwa imechukua nafasi ya rupia moja. Kwa hiyo kitu kilekile, chenye thamani ileile kwa tangazo la serikali, kilikuwa na fedha gramu 10.69, kisha 5.83, kisha 3.89, na safari yote hiyo ilichukua kama miaka miwili. Sarafu zenye tarehe 1921 ndizo zilizoanza, ishirini kwa pauni, na Zanzibar ikaendelea na rupia yake hadi mwanzo wa mwaka 1936, ilipobadilishiwa kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia.

Kinachonikera ni kalenda. Hofu ya kuyeyushwa ilikuwa na msingi mwanzoni mwa 1920. Lakini bei ya fedha ilianza kuporomoka mwaka uleule, na kufikia mwanzoni mwa 1921 aunsi ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kile kilele cha Februari. Shilingi ilifuliwa baada ya hatari kupita. Hata kwa bei ya kilele madini yake yangekuwa kama peni 6 kati ya 12, na kwa bei ya 1921 hayakufika peni 3. Asilimia 50 ilikuwa kinga. Asilimia 25, kwa maoni yangu, ilikuwa faida ya mfuaji, na waliokuwa wakifua walijua. Mtu anaweza kunijibu kwamba sarafu inayotegemea ahadi ya bodi ya kulipa pauni London haihitaji fedha yoyote, na ni kweli, ndiyo maana mwaka 1948 shilingi ikawa ya nikeli na shaba bila mtu kukataa kuipokea. Hata hivyo mwuza mbata hakuwa akiweka akiba ya ahadi za London. Alikuwa akiweka fedha katika bati.

Kwa kioo cha kukuzia nimeona kitu kingine. Kwenye sharubu na shavu la mfalme, sehemu zilizoinuka, shilingi saba kati ya kumi zina rangi ya manjano inayoelekea wekundu, wakati mabondeni zimebaki nyeupe. Sarafu za usafi mdogo zilikuwa zikioshwa kwa asidi kabla ya kupigwa chapa ili shaba ya juu ilambwe na ngozi nyembamba ya fedha ibaki. Ngozi hiyo ikishaliwa na vidole, shaba inachungulia. Rupia zangu, hata iliyochakaa kuliko zote, ni nyeupe mpaka kwenye pua ya mfalme.

12 Julai

Nimerudisha bati. Baada ya salamu nilimweleza shangazi kuhusu maji, uzi na sehemu za mia za gramu, naye akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ambayo sikuistahili. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nipe moja moja, nami nitafumba macho."

Nilimpa rupia ya 1907. Akaiweka juu ya ncha ya kidole cha shahada, akaigonga ukingoni kwa rupia nyingine, na ikalia sauti nyembamba iliyokaa hewani hadi nikaanza kuhesabu. "Hii ya sonara," akasema. Nikampa florini. Ililia kwa muda mfupi zaidi na chini kidogo, akaigonga mara ya pili, akasita, akasema, "Hii imechanganywa." Shilingi hakuigonga zaidi ya mara moja. Aliirudisha mkononi mwangu na kusema hii ni ya dukani.

Nimempa sarafu tisa kwa jumla, nikizichanganya na kumrudishia baadhi bila kumwambia, na hakukosea hata moja. Alifundishwa na bibi yake, ambaye kila alipopelekewa mahari alikuwa akizigonga rupia moja moja mbele ya wageni.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Rupia mbili zenye lehemu bado hazijapimwa, na shangazi amekataa lehemu itolewe kwa moto. Amesema mkufu ule ulikuwa wa mama yake na kipete kilichokatika anacho, kimefungwa kwenye leso ndani ya kabati, na siku sonara mzuri akipatikana zitarudi shingoni.